Mjadala: Kenya na Tanzania zitafungiana mpaka kwa tangazo la siku moja hadi lini?

Wakuu, salaam. Hoja hii imenikaa moyoni siku nyingi, nimeona niilete tuijadili.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Siku hiyo shemeji yangu alikuwa na lori mpakani Namanga, magunia 280, ushuru umelipwa, karatasi zote anazo. Nilimkuta siku ya tatu akihangaika na turubai: jua likitoka anafunua, wingu likikusanyika anafunika. Nilitia mkono kwenye gunia la katikati, ndani palikuwa na vuguvugu kama uji uliokaa bakulini. Yaani kuvu ile ile tuliyokatazwa nayo ilikuwa inatafutiwa nafasi ya kuota palepale kwenye foleni. Mwisho aligeuza, akauza Arusha kwa bei ya chakula cha kuku.

Marufuku yenyewe ililegezwa ndani ya wiki moja, kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti mazuri kabisa! Kwa nini hayakutangulia, marufuku ikafuata kwa atakayekaidi?

Na sisi Watanzania tusijisafishe. Oktoba 2017 tulichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya hapohapo Namanga, tukasema ni mafua ya ndege. Mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada kwa kuvuka kuja kulisha kwetu. Januari 2024 tukazifuta safari za abiria za Kenya Airways kuja Dar kwa kuwa wao waliikatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania. Yakaisha kwa siku chache. Julai 2025 ikaja amri ya kuwazuia wasio raia kwenye biashara 15: saluni, ufundi simu, uwakala wa pesa, hata kununua mazao shambani. Faini si chini ya milioni 10. Yote haya tukiwa ndani ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kazi Julai 2010.

Ninachotaka: marufuku yoyote itolewe na notisi ya siku 30, na mzigo uliokwisha kuingia barabarani upite. Karibuni.

Mchangiaji wa Makueni: Pole sana kwa shemeji, ndugu yangu. Lakini mimi natoka Makueni. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huku Ukambani kwa mahindi yenye sumukuvu, na mahindi yenyewe mengi yalikuwa yetu, yaliwekwa ghalani kabla hayajakauka. Ukishazika jirani kwa sababu ya ugali, hutakubali serikali ingoje siku 30.

Mleta hoja: Dada, nimekusoma mara mbili. Kwenye chakula umenishinda, hizo siku 30 naziondoa. Hata kwetu Dodoma na Manyara watu walikufa mwaka 2016. Lakini umesema mwenyewe mengi yalikuwa ya kwenu. Kuvu haina pasipoti. Basi lipimwe lori moja moja: lenye sumu liteketezwe, safi lipite. Pale Namanga mwaka 2021 lori la shemeji halikupimwa na mtu. Liliulizwa limetoka wapi, basi.

Mchangiaji wa Kariakoo: Mkuu, ya vifaranga nakubali, ilikuwa aibu. Ila amri ya 2025 usiichanganye humo. Kilio cha Kariakoo kilikuwa Wachina kuuza rejareja hadi kwenye vibanda. Mtaji wangu wa milioni mbili unashindanaje na kontena?

Mchangiaji wa Kibaigwa: Wa Kariakoo ana haki yake, lakini njoo huku sokoni kwetu uone upande wa mkulima. Mnunuzi wa Kenya akifika shambani na fedha mkononi, bei inapanda siku hiyohiyo. Akizuiwa, tunabaki na dalali mmoja anayejua hatuna pa kwenda. Mnamlinda nani hapo?

Mleta hoja: Wa Kibaigwa umeligusa palipo na kidonda. Ndugu wa Kariakoo, kibanda chako kilindwe, sipingi. Ila aliyeandika amri ile angemtofautisha mwenye kontena na mama wa Kenya mwenye saluni, na huyu anayempa mkulima bei. Wametiwa gunia moja, na Mkenya tuliyesaini naye itifaki amehesabiwa sawa na mtu ambaye hatuna mkataba naye wa namna hiyo.

Walioko mipaka mingine, Sirari, Holili na Horohoro, hebu mtuambie: mwezi ule wa Machi 2021 malori yenu yalichukuliwa sampuli, au yaligeuzwa tu?