Picha zote za studio zimegoma kufunguka, kila folda kuna _readme.txt inadai dola 980. Msaada wakuu

picha_za_moro
Wakuu habari za humu. Nina studio ndogo hapa Morogoro, harusi, send-off, pasipoti saizi, mambo ya kuprinti. Jana jioni kompyuta ya kazini ilileta kile kidirisha cha kusema windo inajisasisha, tukaiacha imalize tukafunga duka. Asubuhi hakuna picha inayofunguka hata moja. Jina liko vilevile ila mwishoni imeongezwa nukta na herufi nne ambazo hazina maana yoyote, yaani DSC_0412.JPG afu ndo yanafuata hayo madude. Kila folda ina faili inaitwa _readme.txt, kizungu kitupu, wanasema nilipe dola 980 na nikiwatafuta ndani ya saa 72 wananipunguzia nusu, 490. Humo ndani kuna harusi mbili wateja hawajachukua albamu bado, na video zake. Nimeweka antivairasi imekamata vitu imevifuta lakini picha ziko vilevile, nimejaribu kufuta zile herufi nirudishe .JPG wapi, inasema faili mbovu. Na email ya ajabu sijafungua, ile kompyuta hata email hatutumii. Imeingiaje hii kitu na inatokaje?

Nyaya_Tupu
Pole sana mkuu. Hiyo kwa maelezo yako ni STOP, wengine wanaiita Djvu, kirusi cha kufunga mafaili afu kinadai hela, hizo 980 na 490 ndo sahihi yake kabisa. Na kile kidirisha cha windo kujisasisha ni feki, wanakiweka ili usishangae mashine kuwa nzito wakati inafunga mafaili.

Kuingia haihitaji email. Watu wengi wanachanganya na kirusi kingine cha aina hiyo, ile WannaCry ya Mei 2017, ile ilikuwa inatembea yenyewe mashine hadi mashine kupitia tundu la Windows, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka huohuo ila watu hawakusasisha. Hii STOP haina ujanja huo, inasubiri ukaribishe mwenyewe. Inakuja ndani ya programu zilizokrakiwa, aktiveta za Windows na Office, kijeni (programu za kutunga namba za leseni feki), gemu za bure. Kuna mtu hapo studio kashusha kitu wiki hii? Uliza vizuri bila kugomba.

kidume_wa_nyanza
Usijisumbue piga windo upya maisha yaendelee. Au kuna mafundi mjini wanafungua hizo kwa laki tatu, ukimpelekea anakurudishia zote

picha_za_moro
Nimeuliza, kijana wa pale anasema alishusha Photoshop ya bure juzi, ikamwambia azime antivairasi kwanza ndo iingie, akazima. Baada ya hapo programu yenyewe haikufunguka akaachana nayo. Sasa mkuu kidume nikipiga windo upya picha zitarudi?

Nyaya_Tupu
HAZIRUDI. Tafadhali usipige windo sasa hivi, na huyo fundi wa laki tatu mwambie afungue picha mbili mbele yako kwanza ndo muongee hela. Wengi wao wanawasiliana na walewale wezi wanalipa afu wanakuongezea cha juu, au anakula hela yako anazima simu.

Elewa hivi, una kazi mbili tofauti na ndo maana antivairasi yako imekuchanganya. Kumtoa kirusi ni rahisi, kufungua mafaili ndo ngoma. Antivairasi inamfukuza mwizi ila kufuli alilofunga inaliacha hapohapo.

Kwenye kumtoa: chomoa intaneti, chomoa kila flashi na haddiski ya nje. Huyu mdudu anajiwekea ratiba ndani ya Task Scheduler, inaitwa Time Trigger Task, inamwamsha kila dakika 5, na mwenyewe anakaa AppData\Local kwenye folda yenye jina refu la namba na herufi. Kama hiyo ratiba bado ipo, faili jipya utakaloweka au flashi utakayochomeka nayo inaliwa, ndo unakuta mtu anasema nimesafisha imerudi. Skani tena na antivairasi nzuri hadi iseme safi. Kama tovuti za antivairasi zinagoma kufunguka angalia faili la hosts, C:\Windows\System32\drivers\etc, huwa anajaza humo majina ya tovuti za usalama ili usipate msaada, futa hiyo mistari.

Sasa kufungua. Nenda C:\SystemID fungua PersonalID.txt, angalia herufi mbili za mwisho za hiyo ID. Zikiwa t1 ina maana wakati inafunga haikufanikiwa kuongea na seva yao ikatumia ufunguo wa akiba, ambao ni mmoja kwa watu wote wa toleo hilo. Huo ukishapatikana kwa mtu mmoja wote mnafunguka. Kama haiishii t1 basi ufunguo ni wako peke yako na uko kwao, hapo nisikudanganye hakuna programu ya bure itakayofungua. Dekripta, yaani programu ya kufungua mafaili, ni ya kampuni ya antivairasi ya Emsisoft, waliitoa Oktoba 2019, ni bure, inataka intaneti iwake (ukishasafisha mashine), unaipata hata kwa kupitia tovuti ya No More Ransom ambayo Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na polisi wa Uholanzi ni kati ya walioianzisha. Ukiona mtu anauza dekripta ya STOP kwenye Yutubu kimbia, nyingine ni kirusi kingine juu ya kirusi.

picha_za_moro
Kuna ID mbili humo, moja inaishia t1 nyingine hapana. Inakuwaje?

Nyaya_Tupu
Bando liliisha katikati au mtandao ulikatika hahaha, kwa mara ya kwanza intaneti mbovu imemsaidia mtu. Maana yake baadhi ya picha zimefungwa na ule wa akiba. Kopi kwanza mafaili yote yaliyofungwa kwenye haddiski nyingine, na ule PersonalID.txt na _readme moja, afu endesha dekripta juu ya kopi. Ikikwambia ufunguo wa t1 bado haujapatikana usifute kitu, weka kabatini ujaribu tena baadaye, huwa wanaongeza.

mama_lenzi
Mimi kompyuta sio fani yangu ila picha ndo kazi yangu, mbona hamjamuuliza kuhusu KADI ZA KAMERA? Kaka hizo harusi mbili ulipiga na kadi gani, umeshaziformati? Hata kama umeziformati usipige nazo hata picha moja kuanzia sasa, zitoe kwenye kamera weka pembeni. Kamera ikiformati kwa kawaida inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka upige nyingine juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, unaisomesha ile kadi kwa kompyuta NYINGINE iliyo safi na unahifadhi zinazotoka kwenye diski, sio kwenye kadi ileile. Majina yatapotea na zitakuja shaghalabaghala, utakaa kuzichambua, ila bibi harusi hajali jina la faili.

Nyaya_Tupu
Mama umeua, hiyo ndo njia yenye matumaini kuliko zote nilizosema. Na kwa video niongeze, STOP haifungi faili zima, inafunga mwanzo tu kama KB 150 hivi ili iwahi kumaliza. Kwa picha ndogo hizo 150 ni sehemu kubwa ya mali, ila video ya GB 3 karibu yote iko salama, imepoteza kichwa tu. Kuna programu za kutengeneza video mbovu, unaipa hiyo video na nyingine nzima iliyopigwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule inajenga kichwa upya. Sio zote zinakubali lakini jaribu, kwenye kopi.

picha_za_moro
Kadi moja bado ina harusi nzima!! Sijaigusa. Ya pili imeformatiwa na kijana kapiga nayo pasipoti saizi kama kumi jana asubuhi.

mama_lenzi
Pasipoti kumi sio nyingi, nyingi zitatoka. Zuia hiyo kadi sasa hivi, na kijana mpe kadi nyingine.

Nyaya_Tupu
Moja la mwisho kabla sijalala, STOP mara nyingi inashusha na mdudu mwingine wa kuiba pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Kama mlikuwa mnaingia Instagram ya studio au benki kwa hiyo kompyuta badilisha zote leo, kwa kutumia simu, sio hapohapo kwenye hiyo mashine.