Naomba ushauri: niache chaki niandike katuni za watoto?

Mwalimu wa Nkuhungu
Wakuu habari, na shikamooni mnaostahili. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Dodoma, mwaka wa saba kazini. Ijumaa huwa nawasimulia watoto visa vya yule tembo aliyedidimia matopeni, mji wetu ukapata jina. Studio moja ya Dar iliona video zangu, ikataka niandike vipindi 13 vya katuni. Nimewapa kimoja cha majaribio, bure. Sasa wanataka vitatu vingine "kwanza tuone", mkataba hakuna. Mume wangu anasema nitauziwa mbuzi kwenye gunia. Niache kazi?

Zabibu Chungu
Uache mshahara wa serikali kwa tembo wa kuchora? Mkopo wa benki umemaliza? 😂

Babu Storibodi
Kazi hii nimeifanya miaka tisa na bado nalima zabibu Hombolo. Usiache kazi, dada. Kipindi cha dakika 11 unakiandika jioni. Ila utaratibu ni huu: unaanza na muhtasari wa ukurasa mmoja, ukipita ndipo unaandika skripti, na kila hatua ina malipo yake. Vitatu vya bure ni kukutumikisha tu. Na usiwasimulie mawazo mengine kwa simu: sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda ulichokiandika, wazo tupu hailindi.

Kingine, wewe ni msimuliaji, kwa hiyo utaandika "tembo alihuzunika". Mchoraji achore nini hapo? Andika masikio yamelala, mkonga unachora duara vumbini. Na sauti hurekodiwa kwanza, midomo inachorwa kuifuata, kwa hiyo mazungumzo yasome kwa sauti mapema. Wanafunzi wako wakisinzia, futa.

Mwalimu wa Nkuhungu
Asante babu. Cha kwanza kinaanzia mnada wa Msalato, ng'ombe wamejaa.

Babu Storibodi
Wangapi?

Mwalimu wa Nkuhungu
Kama mia mbili.

Babu Storibodi
Miguu mia nane hiyo, na kuna kijana ataisogeza yote.

Zabibu Chungu
Hapo hata mimi nimemhurumia kijana.

Mwalimu wa Nkuhungu
Mrejesho: nimebakiza ng'ombe wawili, waliobaki ni vumbi na milio. Studio nimewaandikia kwamba muhtasari wa pili utakuja baada ya mkataba. Wameusoma ujumbe tangu asubuhi, kimya. Kesho nina zamu shuleni.