Naomba ushauri: mwani wetu na maji ya moto

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani, Paje, Zanzibar. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989, na kina mama wengi tumesomeshea watoto kwa pesa yake. Sasa maji ya pwani yamekuwa moto mno. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, unapauka, unalainika na kukatika kambani. Tumebaki na spinosamu, bei yake ndogo.

Kikundi chetu kinafikiria kuhamia maji ya kina kirefu, lakini huko lazima ngarawa, na wengi wetu hatujui kuogelea. Wengine wanataka tutengeneze sabuni za mwani, au tufuge sponji wa baharini, wale wa kuogea, kama wenzetu wa kijiji cha Jambiani. Mimi naelekea kwenye sabuni, ila soko linanitia wasiwasi.

Mliojaribu, mlianza na lipi? Mtaji mlipata wapi?