Naombeni ushauri: safari ya nchi tatu milima ya Kaukazi, mimi na dada yangu tulipe au tuache?

MamaShangani ameandika:

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Nipo Mtwara mjini, Shangani. Nimestaafu uuguzi mwaka jana baada ya miaka 34 ya zamu za usiku, na mafao yameshaingia. Msije mkadhani nimerukwa na akili, sehemu kubwa imeshafanya kazi yake: nyumba imeezekwa upya, na mikorosho yangu ya Nanyamba imepaliliwa. Kuna fungu nimelitenga la kutembea, mimi na dada yangu anayeishi Lindi. Umra tulikwenda pamoja mwaka 2019, na tangu hapo kila tukionana hadithi ni ile ile, "hivi lini tena?"

Sasa binti yangu wa Dar ametuletea ratiba ya wakala mmoja. Siku 15, kundi la watu 16, kiongozi mmoja mwanzo hadi mwisho. Georgia siku 6, Armenia siku 4, Azerbaijan siku 4, na siku moja inaishia njiani. Dola 2,650 kila mtu, tiketi ya ndege mbali. Kuondoka katikati ya Mei.

Kilichonivuta ni picha. Kuna kanisa dogo limekaa peke yake juu ya kilima na nyuma yake mlima mweupe pee. Mimi theluji nimeiona kwenye friza tu. Halafu kuna kijiji ambacho kila nyumba ina mnara wake wa mawe, kama vile watu walikuwa wakiogopana.

Wasiwasi wangu: dada ana miaka 63 na goti la kulia linamsumbua. Pili, nimehesabu kwenye ratiba makanisa na monasteri 11, na sisi ni Waislamu. Sina ubaya na kanisa la mtu, ila chakula na sala itakuwaje? Tatu, mwanangu wa kiume anasema hiyo hela nijengee fremu za biashara. Hilo la fremu sijaliombea ushauri.

Naomba kuwasilisha.

Kusi_na_Kaskazi:

Mama, fremu! Fremu nne za Magomeni hazikosi wapangaji. Mlima mweupe utaulisha nini?

MamaShangani:

Mwanangu, nimeandika mwishoni kabisa kwamba hilo sijaliuliza. Rudi ukasome.

Baharia Mstaafu (Mikindani):

Nimeingia Poti na Batumi, bandari za Georgia upande wa Bahari Nyeusi, meli ikipakua. Watu wakarimu mno, ila ukikaa mezani kwao hawakuachii uinuke. Kila mkupuo wa kinywaji lazima mmoja asimame atoe hotuba, kuombea wazazi, waliokufa, wageni, amani, basi usiku kucha. Mimi nilikuwa nanyanyua glasi ya maji ya matunda na hawakununa. Nenda shemeji, ukifika utanikumbuka.

Udaktari_Tbilisi:

Shikamoo mama. Mimi mtoto wa Masasi, nipo Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, mwaka wa nne nasomea udaktari. Usishangae, huku wageni wanaosomea udaktari ni wengi sana, Wahindi hasa, na Waafrika tupo. Nitakujibu kwa ninayoyajua.

Hilo kanisa la kwenye picha ni Gergeti, juu ya mji wa Stepantsminda. Lipo mita 2,170 kutoka usawa wa bahari, na mlima wa nyuma ni Kazbek, unazidi mita 5,000. Zamani watu walikuwa wanapanda kwa miguu saa nzima na zaidi, siku hizi kuna barabara na gari linakufikisha karibu. Goti la bibi mkubwa halitateseka hapo, labda upepo tu. Ila Mei kule juu asubuhi ni baridi ya kukatisha meno.

Kuhusu makanisa: mwanamke akiingia anatakiwa kufunika kichwa, na makanisa mengi hayapendi suruali. Mlangoni kuna kapu la vitambaa vya kuazima kwa waliokuja vichwa wazi, vimeshikwa na mikono elfu. Watalii wa Kizungu wanahangaika kujifunga mpaka vinawadondoka. Wewe na dada yako mtakuwa mmevaa mitandio yenu na khanga kiunoni, mnapita kama wenyeji. Mwaka jana nilimpeleka mama wa rafiki yangu wa Tanga, yule bibi wa mlangoni alimtazama juu hadi chini, akatikisa kichwa kuridhika, akampisha.

Sala haina shida. Tbilisi ipo Juma, msikiti wa mji mkongwe, karibu na mabafu ya maji ya moto ya kiberiti. Ndani wanasali Sunni na Shia safu moja. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, upo Msikiti wa Bluu wa karne ya 18, bustani yake tulivu kweli. Azerbaijan wenyewe ni Waislamu, wengi Shia.

Chakula ndipo pa kuwa macho. Kuna kitu kinaitwa khinkali, kama sambusa ya kuchemsha iliyofungwa juu kama kifuko cha hela, ndani nyama na mchuzi wa moto. Unashika pale kwenye fundo, unang'ata pembeni kidogo, unafyonza mchuzi kwanza ndipo unakula. Ukiuma tu kwa pupa mchuzi unaishia kifuani. Nyama yake mara nyingi ni ng'ombe iliyochanganywa na nguruwe, kwa hiyo muombe ya jibini, viazi au uyoga. Khachapuri mtaipenda, mkate wa jibini, na ya upande wa Batumi ina umbo la mtumbwi na yai katikati. Mboga za bilinganya na jozi zipo kila mahali. Njaa haitawapata.

Minara ya mawe ni Svaneti, mkoa wa milimani huku huku Georgia. Ni kweli walikuwa wakiogopana: visasi vya koo kwa koo, basi kila ukoo na ngome yake. UNESCO waliiorodhesha 1996. Ila mama, hapa nakwambia kama mwanao. Kutoka Tbilisi hadi Mestia, mji mkuu wa huko Svaneti, kwa gari ni kutwa nzima ya kona. Kisha kijiji cha Ushguli chenye picha zile ni mbele zaidi, njia ya milimani ya kurushwarushwa. Ndani ya siku 6 za Georgia, hiyo ni siku mbili za kukaa kwenye kiti. Goti litauma zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutembea.

MamaShangani:

Mungu akubariki mwanangu, akupe na kumaliza salama. Hilo la khanga nimemsomea dada kwenye simu, amecheka mpaka akakohoa.

Kiongozi wa Kilwa:

Mama, mimi natembeza wageni Kilwa Kisiwani, kwa hiyo ratiba za makundi nazisoma kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Naomba jambo moja: siku ya kutoka Armenia kwenda Azerbaijan, wameandika mnasafiri kwa nini?

MamaShangani:

Nimevaa miwani. "Siku ya 11: Yerevan hadi Tbilisi kwa basi. Siku ya 12: Tbilisi hadi Baku (mji mkuu wa Azerbaijan) kwa basi, kupitia mpakani."

Kiongozi wa Kilwa:

Nilijua tu.

Armenia na Azerbaijan mpaka wao umefungwa tangu vita vya kugombania eneo la Karabakh miaka ya mwanzo ya 1990, kwa hiyo kurudi Tbilisi ni lazima, hapo wamepanga sawa. Tatizo ni siku ya 12. Azerbaijan ilifunga mipaka ya nchi kavu kwa abiria mwaka 2020 wakati wa corona, na tangu hapo imekuwa ikisogeza tarehe mbele kila inapokaribia kwisha. Mgeni anaingia kwa ndege. Huyo wakala ama amenakili ratiba ya zamani ya 2019, ama anajua na anategemea mtamalizana naye Tbilisi, "tiketi ya ndege mtajilipia." Ni sawa na mimi nimuuzie Mzungu safari ya Mtwara hadi Msumbiji kupitia Kilambo bila kuuliza kama kivuko kinafanya kazi.

La pili linatokana na hilo hilo. Mnaingia Georgia, mnatoka kwenda Armenia, mnaingia Georgia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Muulize kwa maandishi nani anashughulikia viza za nchi zote tatu na ya Georgia ni ya kuingia mara ngapi. Msilipe pesa yote kabla viza hazijatoka. Amana kidogo, tena na risiti.

Na bei. Dola 2,650 ukiiangalia ni nzuri, lakini tazama ukurasa wa mwisho, pale walipoandika kwa herufi ndogo. Chakula cha mchana kipo? Viingilio? Bahasha ya kiongozi na dereva? Bima? Mimi mwenyewe nikitaka kumvutia mgeni nashusha bei ya mbele na kuhamishia mambo kule nyuma. Biashara ndivyo ilivyo, sijivunii.

Kusi_na_Kaskazi:

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Fremu.

Mwalimu wa Newala:

Wewe kijana acha. Mama, usalama mmeuangalia? Wale Armenia na Azerbaijan si walipigana 2020, tena 2023 Azerbaijan ikaichukua Karabakh yote?

Udaktari_Tbilisi:

Shikamoo mwalimu. Agosti 2025 viongozi wao walikutana Washington na mawaziri wao wakaweka saini za awali kwenye mkataba wa amani. Miji ya watalii imetulia, mimi mwenyewe nimekwenda Yerevan likizo ya Pasaka kwa marshrutka, ambayo ni Hiace tu kwa jina la Kirusi, abiria wamebanwa vile vile. Ila watu wa Azerbaijan pale uwanja wa ndege wanaweza kukuuliza ulikwenda Armenia kufanya nini. Jibu utalii, inatosha. Zawadi zilizoandikwa Armenia kubwa kubwa zisikae juu ya begi.

Kiongozi wa Kilwa amenizidi, hilo la mpaka lilikuwa halijanijia kabisa kwa sababu mimi naruka tu. Asante mkuu.

Mama, kwa Armenia onyo moja la goti: Khor Virap. Ni monasteri inayotazamana na mlima Ararat, mita 5,137, ambao Waarmenia wanauweka kila mahali hadi kwenye nembo ya taifa, lakini wenyewe upo Uturuki na mpaka umefungwa. Ndani kuna shimo alilofungwa Mtakatifu Gregori, ambaye baadaye ndiye aliyembatiza mfalme, na Armenia ikawa ya kwanza kuufanya Ukristo dini ya dola, mwaka 301 kwa hesabu yao. Watu wanashuka shimoni kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Dada asishuke. Akae nje autazame mlima, anapata kilicho bora.

Msikose kuona wanavyooka lavash. Tanuri lao limechimbwa ardhini. Mama mmoja anatandaza unga mpaka unaona mwanga upande wa pili, anautandika juu ya mto mgumu kama ule wa kitandani, kisha anainama kiunoni hadi kichwa kinapotea shimoni na kuubandika ukutani, pwaa! Dakika haiishi anauopoa kwa chuma chenye ndoano. Nilimkumbuka bibi yangu na chapati zake, na mgongo wake pia.

MamaShangani:

Wanangu, nimerudi. Nimempigia wakala. Nikamuuliza mpaka. Akasema "hakuna shida mama, tunapita kila mara." Nikamwambia nitumie basi picha ya kundi lako mkiwa mpakani mwaka huu au uliopita. Kimya. Jioni ananiandikia kwamba "kutokana na mabadiliko" kutakuwa na ndege ya Tbilisi hadi Baku, dola 180 za ziada kila mtu. Chakula cha mchana hakimo. Viza kila mtu na lwake. Kiongozi wa Kilwa, ungekuwa karibu ningekupikia pweza wa nazi.

Nikawaza Azerbaijan tuiache. Hapo ndipo vita ikaanza nyumbani, kwa sababu dada wa Lindi kati ya ratiba nzima alichokipenda ni kile kilima cha karibu na Baku kinachowaka moto chenyewe kwa gesi ya ardhini. Nikamwambia gesi ipo Mnazi Bay na Songo Songo, mbona hujawahi kwenda kuitazama? Amenuna siku mbili.

Tumesuluhishwa na binti. Tunakwenda Georgia na Armenia tu, siku 11, kwa wakala mwingine mwenye kundi la watu 10. Svaneti tumeitoa. Baku itasubiri. Mimi nilitaka Septemba wakati wanachuma zabibu, lakini Septemba korosho zinaanza kudondoka na sina wa kumwachia shamba nikalala usingizi. Basi Juni.

Mwalimu wa Newala:

Juni vizuri, mvua zitakuwa zimeisha. Lakini mkitoka Mtwara kwa basi msipange kufika Dar siku ya kuruka. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, mpwa wangu alikuwa na tiketi ya Muscat mfukoni na amekaa Nangurukuru anakula mihogo. Siku tatu kabla, mlale kwa binti.

MamaShangani:

Asante mwalimu, tutafanya hivyo. La mwisho jamani: koti zito la baridi hapa Mtwara nalipata wapi? Nimeuliza maduka mawili wakanionyesha la mvua.

Kusi_na_Kaskazi:

Mama, nenda sokoni kwenye mitumba alfajiri siku ya kufungua belo. Makoti yale huwa hayana mnunuzi huku, wanayatupa chini kabisa wanakalia. Mwambie muuzaji ainuke. Elfu tano, ukibishana sana elfu tatu. Mimi ninalo moja la mzee wangu toka akiwa Makambako, nikuletee Shangani kesho?

MamaShangani:

Lete. Na ukija uje na njaa.