Mjadala: Eidoloni wa ngazi ya 5, meno kwanza au ngozi kwanza?

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma): Wakuu, salaam. Meza yetu ya Pathfinder toleo la kwanza (mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu) inaanza kampeni mpya ngazi ya 5. Tunafuata kanuni za mwitaji (mhusika anayeita kiumbe cha kichawi, eidoloni, kimpiganie) za 2010, si zile zilizorekebishwa 2015 zenye pointi chache. Eidoloni ni wa miguu minne, ana pointi 8 za mageuko, yaani za kumnunulia viungo na uwezo. Wachezaji watatu, hakuna wa kutibu. Mmoja anataka pointi zote ziende kwenye kushambulia, mwingine anataka ngozi ngumu. Leteni hesabu, ushabiki tuweke pembeni.

Isevya, Tabora: Shambulia. Makucha ya mbele pointi 1, kurukia (apige mapigo yote hata akivamia mbio) 1, pembe 2, nguvu 2, moto kwenye kila pigo 2. Nane zimeisha. Kung'ata anako tayari, hivyo anafikisha mapigo manne, kikomo cha ngazi hiyo. Nguvu inakuwa 18, kila pigo lina +8 juu ya dadu ya pande 20. Madhara ya meno na pembe ni wastani wa 11 kila moja, kila kucha 10. Yote yakiingia ni 42. Adui wa kiwango cha 5 kwa kawaida ana kinga 18 (namba ambayo dadu na nyongeza lazima zifikie ili umpate) na uhai 55. Ukivamia mbio unaongeza +2, unampata kwa asilimia 65: wastani wa 27. Raundi ya pili huvamii tena, inashuka hadi 23. Jumla 50, na wenzako bado hawajapiga. Adui aliyekufa hapigi.

Katubuka, Kigoma: Hesabu yako iko sawa, mkuu, lakini ni ya upande mmoja. Adui huyo huyo ana +10 ya kupiga. Eidoloni ana kinga 19: kumi ya kuanzia, wepesi 3, ngozi ya umbo lake 2, na 4 anazopewa na jedwali la ngazi hii. Akivamia anapoteza 2, anabaki 17. Adui anahitaji 7 tu kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 70, na anayepigwa ana uhai wa wastani wa 26.

Dawa yake haimo kwenye zile pointi nane, na hapa ndipo wengi wanapotea. Zile 4 za jedwali mwitaji anaruhusiwa kuzigawa kati ya vazi na ngozi. Zipeleke zote kwenye ngozi. Eidoloni havai deraya, lakini mwitaji anaweza kumtilia uchawi wa deraya wa daraja la kwanza: +4 kwa saa 5. Ukiziacha zile 4 kwenye vazi, uchawi huo hauongezi kitu, kwa sababu kinga mbili za vazi hazijumlishwi. Inahesabiwa iliyo kubwa. Zikiwa kwenye ngozi unapata 23, na adui anashuka hadi asilimia 40. Ile nyongeza ya uwezo ya ngazi ya 5 nayo itie kwenye ustahimilivu, 13 iwe 14. Uhai unapanda hadi 30. Hujatumia pointi hata moja.

Isevya, Tabora: Basi umenisaidia mimi. Kama 23 inapatikana bure, ngozi ya kununua ya nini?

Kibirizi, Kigoma: Ya ramani. Kurukia hakufanyi kazi bila kuvamia, na kuvamia kunataka angalau futi 10, mstari ulionyooka, bila kizuizi wala mwenzako njiani. Huko Tabora labda mnachora mbuga. Kampeni za huku zinapita ziwani, na kwenye boti ya dagaa yenye nyavu na watu huo mstari hauupati. Eidoloni akisogea bila kuvamia anapiga pigo moja: 11 kwa asilimia 55, yaani 6. Pointi ya kurukia imekufa. Mimi ningeweka makucha 1, pembe 2, nguvu 2, meno yafike mbali 1, ngozi 1, ukinzani wa moto 1. Kinga inafika 25, adui anabaki na asilimia 30. Nakubali mapigo manne yanashuka toka 42 hadi 28.

Ujiji, Kigoma: Jamani, mbona mwitaji mwenyewe hamumtaji? Akizimia, akilala au akifa, eidoloni anaondoka papo hapo hata kama hajakwaruzwa. Kumwita upya ni dakika nzima, raundi 10. Eidoloni akipata pigo la kumuua na kumrudisha ulimwengu wa kwao, mwitaji anaweza kutoa uhai wake kulipunguza, pointi kwa pointi. Anatoa 25, anabaki na uhai kiduchu, mshale mmoja unamlaza, na mezani hakuna mwitaji wala eidoloni. Adui wa kiwango cha 5 anaweza kutoa madhara ya 20 kwa raundi mapigo yake yakiingia. Msitoe uhai wa mwitaji ukashuka chini ya hapo. Kama haitoshi, mwondoeni eidoloni kwa hiari kabla hajaanguka. Akifa, haitwi tena hadi kesho, na anarudi na nusu ya uhai.

Kaka wa Isevya, hili ni lako: toka ngazi ya 4, mwitaji aliye ndani ya ufikio wa eidoloni (umbali anaoweza kupiga) anapata +2 ya kinga na +2 ya kujinusuru (dadu ya kuepuka uchawi na hatari). Ukimrusha eidoloni futi 40 mbele, umezitupa zote mbili.

Isevya, Tabora: Hilo nalikubali, dada. Kwenye boti naondoa kurukia. Moto siuachi: kubadilisha pointi 2 za moto kwa ngozi na ukinzani kunanipotezea 14 mapigo yote yakiingia.

Mwanzisha mada: Sura ya kwanza ni bandarini na botini, ya pili ni nchi kavu. Mageuko yanapangwa upya kila mwitaji anapopanda ngazi, kwa hiyo tunaanza na mpango wa Kibirizi, na ngazi ya 6 yenye pointi 9 tunaupima wa Isevya. Ngozi ya Katubuka inabaki kote.