Naomba ushauri: samaki wangu wa dhahabu wanahemea juu ya maji

Habari zenu wakuu. Nipo Mikindani, Mtwara. Nina samaki wa dhahabu wanne aina ya kometi, wale wa mkia mrefu. Wiki iliyopita niliwatoa kwenye tangi la kioo nikawahamishia kwenye kibwawa cha saruji nilichojenga uani. Wanasifiwa kuwa wagumu, lakini kuanzia saa nane mchana, jua likiwaka, wote wanapanda juu na kuachama midomo. Jana mmoja alilala ubavu, mapezi yamebana kabisa; roho iliniuma sana. Najua maji yakipata joto hewa hupungua, na saruji mpya hutoa chokaa. Sasa nianze na kivuli cha makuti, ninunue pampu ya hewa, au niwarudishe ndani kwanza niloweke bwawa? Maji ni ya kisima. Naombeni msaada wa haraka.