Naomba ushauri: mashine ya kukata na kupasua kuni, nichukue ipi?

MwanaTanuri
Assalaam aleikum wanajukwaa. Niko Kisauni, nauza kuni kwa tanuri za mikate na kwa wapishi wa harusi. Kazi imenizidi. Mzee mmoja na vijana wawili wanapasua kwa shoka tangu alfajiri na oda bado hazitimii. Nimeona mashine mbili za petroli. Ya kwanza inalikata gogo kwa msumeno wa mnyororo kisha inalisukuma kwenye kabari, kazi zote mle mle. Ya pili inapasua tu, kwa haidroliki (oili inasukuma pistoni), gogo ulikate mwenyewe kwa pawasoo. Ipi? Msimu wa harusi umekaribia na usingizi sipati.

FundiChangamwe
Umefanya vizuri kuepuka za umeme wa nyumbani. Volti 240 mota yake huwa ndogo, na kubwa itakudai fezi tatu. Sasa uliza tani za msukumo na unene wa gogo inalomeza. Tazama pia kama ni lazima ushike nyenzo mbili za kuiendesha, mkono huku na mkono huku, ndipo pistoni isogee. Ya wenzo mmoja inauacha mkono wa pili huru, na huo ndio unaoingia kwenye kabari. Ile ya parafujo inayozunguka usiiguse kabisa, inavuta shati pamoja na mkono.

MamaPilau
Mwanangu, mashine baadaye, kwanza ukavu. Napika biriani za harusi Majengo huu mwaka wa 19. Kuna siku niliuziwa kuni mbichi, sufuria 4 zikalala ndani ya moshi, bwana harusi kafika na wali bado una kiini. Nililia jikoni. Zipasue mapema, uzipange upepo upite kati. Gogo zima halikauki upesi, maji hutokea kwenye ncha na kwenye mpasuko.

UstadhiTudor
Nami nauliza, magogo yenyewe yatoka wapi? Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, lakini hiyo si ruhusa ya kuingia mikokoni bila leseni. Kaa na kamba wanakulia pale. Riziki ya mvuvi usiifanye kuni.

MwanaTanuri
Si mikoko, wallahi. Ni miti ya halali.

FundiChangamwe
Halali sawa, lakini ni mti gani? Hapo ndipo penye jibu lote.

Mvinje
Kama ni mivinje chukua ya kwanza hata usifikiri. Mvinje hunyooka kama mlingoti, na kuni zake zinawaka hata hazijakauka vizuri. Sisi tumekulia karibu na machimbo ya saruji ya Bamburi, yale ambayo René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kuyapanda miti 1971. Palikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, mvinje ukashika. Marehemu baba alikuwa akitupeleka Jumapili kuokota zile mbegu zake...

FundiChangamwe
Ndugu Mvinje, mwache mwenye uzi ajibu.

MwanaTanuri
Ni miembe. Na mwarobaini kidogo. Watu wanasafisha ploti wajenge, wananipa bure bora niondoe. Mengine yana panda na mafundo, na nene kabisa nimelipima kwa tepu, sentimita 58. Lakini nataka mjue kwamba ile ya kwanza nishaitolea arbuni, elfu 80. Muuzaji amesema inakula kila kitu. Na mnyororo wake utanipunguzia gharama ya mtu wa pawasoo.

FundiChangamwe
Kibao chake kinasema inameza unene gani?

MwanaTanuri
Sentimita 33.

FundiChangamwe
Basi, ndugu yangu. Lile la 58 halipiti hata mlangoni. Na lililopinda, hata likiwa jembamba, halilali vizuri kwenye kitanda. Linajizungusha, linabana mnyororo, na kijana wako ataingiza mkono kulinyoosha. Mwembe nao nyuzi zake zimesukana pale kwenye panda, kabari inazama halafu inakwama. Wewe wataka ya kupasua tu, ya tani 20 kwenda juu, inayosimama wima. Gogo zito unalibingirisha hadi chini ya kabari, hulinyanyui.

MwanaTanuri
Lakini mengi ni membamba. Nikiyachagua haya, manene nitayaacha.

KijanaMvita
Mimi huu uzi siuamini. Magogo ya bure, arbuni kabla ya kuuliza, na mti kautaja baada ya kubanwa. Huyu ni dalali, kesho atatutajia duka.

MamaPilau
Mwache mtoto wa watu, dalali hatoi hesabu zinazomharibia mwenyewe.

MwanaTanuri
Duka sijataja na sitataja. Niliharakisha kwa ajili ya yule mzee. Ana miaka 67, ndiye aliyemfundisha marehemu baba kazi hii. Juzi niliona mpini wa shoka lake una damu, akausugua kwa mchanga nisione. Viganja vimepasuka, anavipaka mafuta ya nazi na kuvifunga kipande cha leso. Nilitoka pale moja kwa moja nikaenda kulipa. Nilitaka mashine ifanye yote, yeye akae tu ahesabu matita.

KijanaMvita
Niwie radhi, kaka. Risiti unayo?

MwanaTanuri
Ninayo. Imeandikwa pesa hazirudi, ila naweza kubadilisha mashine kabla haijatoka godauni.

FundiChangamwe
Hapo umepona. Usibadilishe kwa maneno lakini. Pakia gogo lako kwenye mkokoteni, mwambie muuzaji aiwashe ile ya wima ulione likipasuka mbele ya macho yako. Nitakuja nikague mipira ya oili kama inavuja.

MwanaTanuri
Nimempigia sasa hivi, amekubali Jumamosi saa 3 asubuhi. Nilete la mwarobaini?

FundiChangamwe
Leta lile la 58, lenye panda. Na mzee uje naye.